Dakika Arobaini na Moja

Kouvola, Januari. Saa tisa alasiri giza limeshaingia,
na theluji ya juzi imegeuka jiwe mlangoni kwa Sirkka.
Nilikwenda na kamera moja, taa ya kijiti,
soksi mbili kila mguu.
Yeye alikuwa ameshaifungua kodiani ya mteja,
mbao huku, mvukuto kule, na ndimi zake za chuma
zimepangwa juu ya gazeti kama dagaa wakavu.

Nilirekodi dakika arobaini na moja.
Kisha nikarudi chumbani kwangu, juu ya duka la baiskeli,
nikatandaza kitambaa, nikashika mkasi.

Tiktoki haimsubiri mtu avue viatu.
Niliikatia sekunde kumi na tisa, wima,
nikaanzia pale ulimi mmoja unapolia
kama paka aliyekanyagwa mkia.
Mikono imo, viwiko havimo,
Sirkka kabaki pua na nusu ya miwani,
na kila alipovuta pumzi nilipitisha wembe:
mwanamke asiyepumua
anatengeneza chombo cha pumzi.
Kufikia alfajiri watu laki mbili wameshampita.

Instagramu ilitaka mraba na rangi ya asali.
Nikaondoa ndoo, nikaondoa kalenda ya benki,
kijivu cha dirishani nikakipaka jua la kukopa.

Kwa wale wa tai, wanaotazama wakiwa mkutanoni
na sauti wameizima,
nilishona maandishi chini, makubwa, meupe:
"Miaka thelathini na minne ya subira."
Yeye hakusema subira. Alisema gundi.

Yutubu ndiyo yenye nafasi ya kunyoosha miguu.
Humo niliacha dakika sita, mlalo, birika likichemka.

Nguo nne kwa kitambaa kimoja,
na kila mvaaji akaniambia imemkaa.

Ijumaa nikampelekea. Alizitazama zote kwenye simu yangu,
kaishika mbali, kama anayesoma bei ya samaki.
Hakucheka, hakununa.
"Na yangu ni ipi?"
Nikamwonyesha tena ile ya mlalo. Akatikisa kichwa.
"Hiyo hiyo. Kabla hujaikata."

Ningemwambia nini? Kwamba hiyo si nguo, ni jora?
Kwamba ina dakika nne nzima anatafuta bisibisi
iliyokuwa nyuma ya sikio lake mwenyewe?
Nikaifungua kwenye kompyuta yake kuukuu,
inayonguruma kuliko friji.
Akamimina kahawa. Tukakaa.

Dakika ya nane nilichoka. Ya kumi na mbili
nilipiga mwayo, nikaumeza.
Yeye aliinama mbele, kama anayesikiliza mlango.
Ya ishirini na tatu akanyanyua kidole.
"Rudisha."
Nikarudisha.
"Tena."

Ulimi wa saba, upande wa besi. Mimi sikusikia kitu.
Ni mahali nilipopakata mara zote nne bila kufikiri,
pasipo tukio, pasipo kelele, pa kuchosha tu.
"Umeshuka," alisema. "Kwa unywele mmoja.
Hapo nilikuwa nawaza supu."

Alikuwa ameshavaa koti.
Kodiani ni ya Tolvanen, wa kule Inkeroinen,
iliondoka Jumatano, imelipiwa,
kesho inapigwa harusini kwa mpwa wake,
na nani atajua? Wamekunywa, wanacheza.
"Mimi ninajua," alisema, akitafuta funguo za gari.
Zilikuwa mkononi.

Gari likakohoa, likakubali, taa zikapotea nyuma ya reli.
Simu yangu ikatetemeka: mtu wa Osaka ameandika,
sauti safi kabisa, haina doa.
Nikampa moyo. Kisha nikauondoa.

Kwenye kioo Sirkka alikuwa bado yuko kazini,
anavuta pumzi, anaitoa,
sijui anawaza nini.
Sikuizima.
Dakika ya thelathini na moja anapiga chafya,
anatazama huku na huku, hakuna mtu ila mimi na kamera,
na anajitakia afya mwenyewe.