Zima Kiyoyozi

Ukumbi wa kwanza alioimbia Muzna ulikuwa Korola yangu,
nyeupe, imechunwa ubavuni na nguzo ya maegesho pale Ruwi.
Nyumbani haiwezekani. Kuta za ghorofa ile ni karatasi,
na Bwana Kurian wa chini hulala mchana
kwa kuwa usiku yupo zamu hospitali.
Basi tukenda Wadi Kabir, nyuma ya gereji za matairi.

"Zima kiyoyozi," ataniambia. "Kinakausha koo."
Mwezi wa saba, digrii arubaini na sita, vioo juu,
nami, dada mtu, nimekaa kwenye usukani natota jasho
kama mwizi wa gari aliyesahau kukimbia.
Yeye anapanda: mi, me, ma, mo,
noti moja, na moja juu yake,
mpaka kioo cha mbele kinafunga ukungu
na fundi anakuja kuchungulia, spana mkononi,
kuuliza nani kaumia.

Mwalimu wake, Bi Ilka, Mhungaria wa mbwa mmoja na piano mbili,
hakumficha: Wewe si wa juu.
Wa juu ndio wanaopendwa, ndio wanaokufa.
Wewe mezo. Utakuwa yaya, mchawi, mke mwenza,
na mvulana. Mvulana mara nyingi sana.
Mama alipoelezwa alishika kidevu:
"Ada yote hii, mwanangu awe mvulana?"

Miaka mitatu Graz. Ananitumia picha:
masharubu ya gundi, upanga wa bati, buti za kuazima.
Mashindano aliyotolewa raundi ya pili.
Mashindano aliyotolewa raundi ya kwanza.
Kwaya, safu ya tatu, nyuma ya mtu mrefu.
Kisha sehemu yake mwenyewe, maneno kumi na moja,
aliyahesabu,
na kwa kumi na moja hayo akalipa kodi ya mwezi.
Mtu wa ofisi alisoma fomu, Mwomani,
akauliza: hicho unachosema na mamako kwenye simu
ni Kiarabu cha wapi?
Akamjibu: cha ndani.

Mwezi wa tano kaja Maskati kwa harusi ya binamu yetu,
hina bado mbichi, simu ikalia adhuhuri:
mgeni wa Opera kapoteza sauti, unaijua sehemu hii?
Anaijua. Mezo huzijua sehemu zote za wengine.
Wakamvika glavu kufunika maua ya mikononi.

Mama na abaya yake ya Idi, mgongo wima,
pochi kaipakata kama mtoto wa watu.
Muzna akatokea na mshumaa, mtumishi wa nyumba ya kifalme,
akasimama pembeni, akashuka
kwenye noti ile ya chini,
niliyoisikia mara mia ikigonga dashibodi na kurudi.
Safari hii haikurudi.
Mkono wangu wa kushoto ukapapasa ubavu wa kiti,
unatafuta kitufe, nishushe kioo,
watu wapate hewa.

Nje, marumaru bado ina joto la mchana.
Mama hakumpa pongezi. Alihesabu kwa vidole:
"Mfalme kafa. Bibi harusi kafa.
Yule mnene mwenye makelele kafa mara mbili.
Wewe tu umebaki, na mshumaa wako!"
"Ndiyo kazi yangu, mama."
Akafikiri mpaka tumefika garini.
"Si vibaya. Lazima abaki mtu wa kufunga mlango."

Saa nane usiku, barabara tupu mpaka Ruwi.
Simu inatetema kwenye paja lake: Lyon, Desemba.
"Nini?" nikamuuliza.
"Mvulana," akasema, na hakusema zaidi,
anaitunza iliyobaki.
Nikazima kiyoyozi bila kuambiwa.
Nyuma, gizani, programu ya Opera ikaanza kupepea:
"Joto gani hili?
Au na mimi mnataka nife?"