Chogo Limepwelewa Sauti

Ilianza kama mafua.
Msomaji wa taarifa ya saa mbili
akafungua kinywa, ikatoka chaaa
ya samaki akidondoshwa kwenye mafuta,
na nyuma yake, mbali,
kama mtu anayeita kutoka ndani ya kisima,
maneno.

Nikalipiga chogo kofi la mgongo,
dawa ya nyumba hii tangu enzi za antena ya ufito.
Likatamka neno na nusu: "Bei ya..."
Likanyamaza. Bei ya nini, halikusema.

Feruzi hakuinua macho kwenye simu.
"Baba, hilo limezeeka. Kariakoo zipo bapa,
inchi thelathini na mbili, laki tatu na nusu."
Zamoyoni akasema ningoje zamu yake ya upatu.
Mimi nikakaa kimya.
Mimi fundi cherehani, Tandika,
nimesomesha watoto wanne kwa viraka.
Suruali ikichanika gotini
haina maana mguu umekwisha.

Lakini Kariakoo nilikwenda,
mtu asije akasema nabania.
Mtaa wa Aggrey, zimepangwa ukuta mzima,
zote zinaonyesha samaki yuleyule wa rangi.
Nikamwambia muuzaji, nisikilizishe.
Akanitazama: watu huulizia picha.
Akapandisha sauti. Nyuki ndani ya kopo.
"Spika ziko kisogoni, mzee, zinaongea na ukuta.
Ukitaka mzito, unanunua na spika za pembeni."
Kumbe laki tatu na nusu ni ya kutazama tu,
kusikia kuna bei yake.

Nikaazima toroli la muuza maji
hadi kwa Mtulia, Mtoni Kwa Aziz Ali.
Alifungua kwa bisibisi isiyo na mpini.
Ndani: vumbi la miaka kumi na tisa,
mende mkavu,
sarafu ya shilingi hamsini
(Feruzi, akiwa na miaka mitatu, alidhani inalipwa).
Akanusa nyaya kama mpishi anayeonja kwa pua,
akabonyeza spika kwa kidole gumba.
Karatasi yake imepasuka ukingo hadi ukingo.
"Kichwa kizima. Koo ndilo limekwenda,
na koo la aina hii mjini halipo tena.
Nyumbani huna redio iliyokufa?"

Ninayo. Ya mama mkwe, Bi Mwantumu,
redio ya mbao, betri zilivujia tumboni
mwaka uleule macho yake yalipoingia ukungu.
Tangu hapo haji sebuleni.
"Nikae mbele ya mwanga nisiouona, wa nini?"

Mtulia akaja na koleo na kipande cha risasi.
Bi Mwantumu akaikumbatia redio.
"Itengeneze. Lakini haitoki chumbani kwangu."
Wala hakutania.
Basi waya ukapita chini ya pazia,
ukakunja kona ya kabati, ukaingia kwake.
Elfu kumi na mbili, na waya juu yangu.

Sasa picha inakaa sebuleni,
sauti inakaa kwa mama mkwe.
Huku tunatazama midomo,
maneno yanatoka kule, mazito, ya mbao,
yamechanganyika na harufu ya dawa ya kuchua.
Goli likiingia anashangilia yeye kwanza.
Akisinzia anazungusha kitufe
na serikali yote inanyamaza.
"Bibi, ongeza!"
"Sema tafadhali."
Feruzi bado anahesabu: laki tatu na nusu.
Huenda ana haki. Picha nayo
imeanza kuwa kijani upande mmoja.

Jana, saa mbili na dakika kumi,
msomaji akasema, "Bei ya..."
na Bi Mwantumu akakohoa.
"Bei ya nini, mama?"
"Ya mchele," akajibu kutoka gizani.
"Imepanda. Mnatazama nini huko?
Njooni mkae huku."

Nikachukua kigoda.