Paneli P-17, Marekebisho C

Mvua ya Njeru haibishi hodi.
Imemwaga kokoto zake zote juu ya bati la ofisi,
umeme umekwenda, umerudi, umekwenda tena,
nami nina ukuta mzima kwenye kompyuta,
tani sita na kilo sabini na tano,
ambao bado hauna uzito wowote.

Urefu, mita sita. Kimo, tatu.
Unene, milimita mia na hamsini.
Upande wa kushoto dirisha,
maana mwenye ghala la kahawa kule Kayunga
anataka mwanga uangukie mizani,
mkulima azione kilo zake mwenyewe.
Nikalikata dirisha. Nikadhani nimeondoa zege tu.

Marekebisho A yalikuwa yangu.
Nanga mbili, sawa kwa sawa kutoka kingo,
zimependeza kama hereni.
Mhandisi Barugahare akatia sahihi huku anaongea na simu.
Jumanne Okwir akavuta wenzo wa kreni,
ukuta ukapanda umeinamisha bega
kama mtu aliyebeba ndoo moja,
pembe ya chini ikagota kwenye kalibu,
na ufa ukatoka kona ya dirisha, mshazari,
mwembamba, usio na haraka,
kama unaojua unakokwenda.

Hakuna aliyeumia. Nasema hivyo kwanza kila ninaposimulia,
maana Acidri alikuwa amepiga magoti kando, anafungua boliti,
na sijazoea bado kulitaja jina lake
karibu na kipimo nilichokosea.

Okwir hakufoka. Alishuka, akafuta mikono kwenye suruali,
akaniuliza, "Binti, kitovu chake kiko wapi?"

Cha mtu huzikwa nyumbani kwao.
Cha ukuta hukokotolewa:
zege lote kwa umbali wake,
toa dirisha kwa umbali wake,
gawanya.
Milimita mia moja sitini na saba kwenda kulia.
Shibiri ya mtoto.
Nilipima kwa rula juu ya meza, nikaitazama muda mrefu.

Marekebisho B yalifia mezani.
Nanga zilikaa pake, lakini nilisahau nondo za kona,
zile zinazolala mshazari kuukamata ufa kabla haujazaliwa.
Acidri ndiye aliyeona.
Mimi nina cheti ukutani, yeye ana penseli sikioni.

Sasa C. Maelezo nayaandika kwa Kiswahili,
maana uwanjani tuna Walango, Walugbara, Wasoga,
na fundi mmoja wa Goma asiyecheka kabla ya saa nne,
na mchoro usioeleweka ni uongo wenye mhuri.

*Usiinue kabla zege halijafika megapaskali kumi na tano.*
*Minyororo isilale chini ya nyuzi sitini.*
*Legeza kalibu kwanza. Zege hung'ang'ania.*
*Wakati wa kuinua, asipige mtu magoti.*

Huo wa mwisho haumo kwenye kanuni yoyote.
Barugahare aliufuta. Nikaurudisha.
Akaufuta kwa wino mwekundu. Nikaurudisha kwa herufi kubwa.
Akatia sahihi, safari hii simu iko mfukoni.

Nchi haina bahari, nasi tunashinda tukichora nanga.
Za wengine hushuka kushika tope.
Zetu huzikwa kwenye zege mbichi, kichwa kikichungulia,
zikisubiri kuvutwa juu.

Ijumaa asubuhi mchemraba wa majaribio ulivunjikia kumi na nane.
Okwir aliuvuta mnyororo hadi ukakaza, akasimama,
akasikiliza kitu ambacho mimi sikukisikia,
kisha kalibu ikaachia, sauti ndogo,
kama mdomo unaoachana na kikombe cha uji.
Ukuta ukaning'inia wima. Bega halikushuka.
Nilikuwa nimeshika nakala ya mchoro, imelowa jasho
pale penye kisanduku cha "Imechorwa na".

Kupitia tundu la dirisha niliona rundo la mchanga,
kipande cha mto,
na Acidri, kofia mkononi, amesimama.

P-18 ina mlango.