Olma

Lina miguu minne ya simba, mmoja umekatika.
Pale babu alipachika nati ya reli kutoka karakana,
na tangu hapo jiko halijayumba;
nyumba ndiyo iliyoyumba.

Lilitoka shamba la mkonge, Pongwe,
mwaka ambao meneja alifunga virago.
Wanaume sita walilibeba hadi hapa Chumbageni,
wakiapa hawatakula kitakachopikwa juu yake.
Wote sita walikuja kula.

Tazama bamba la juu: matundu manne,
pete ndani ya pete, unazing'oa kwa ndoano
kadiri ya tako la sufuria.
Pete moja ndogo aliichukua Mjomba Kibwana,
akaifanya washa ya baiskeli.
Tundu lile huvuja moshi mwembamba mpaka leo.
Tunaliita Mjomba.

Tanuri halina kipimo; sindano imelala kwenye sifuri.
Bibi Mwanatumu aliingiza mkono, akahesabu:
ukikataa kwenye tano, tia boflo;
ukivumilia hadi kumi na mbili, mkate wa kumimina;
ukizidi hapo,
we mtoto, kalete makumbi.

Mlangoni palikuwa na jina la kiwanda.
Kutu imelila, imesaza herufi nne
zilizotuna kama mishipa: O, L, M, A.
Si neno la lugha yoyote tuijuayo,
basi likawa jina lake.
Olma kaamka? Olma leo kanuna, kuni mbichi.
Hapo ndipo nilipojifunza kusoma, kabla ya shule,
kwa kidole, alfajiri, chuma kikiwa baridi.
Siku moja sikungoja kipoe.

Juzi Hatibu kaleta jiko la gesi,
plati mbili, kioo cheusi, unabofya linawaka.
Zuri, sikatai. Chai yake haina moshi.
Paka kalizunguka mara mbili,
akarudi kulala chini ya Olma,
kando ya droo ya majivu.

Leo kaja mtu wa vyuma chakavu na mizani yake.
Kagonga ubavu kwa ufunguo, kasikiliza,
kauliza linauzwa?
Nimemwonyesha ncha ya kidole changu:
kovu dogo, jeupe, lenye kona.
"Hii ni L," nimemwambia.
Kainama, kaikazia macho.
"Mbona imegeuka?"

Haijageuka.
Kaa upande wa moto, uisome.