Msishuke

Mji wenyewe unaitwa Battle, yaani Pigano,
kama kwetu mtoto anavyoitwa Tabu
kwa sababu ya siku aliyozaliwa.
Una duka la mikate, una stesheni, una mteremko wa majani
ambako wageni huwapiga picha kondoo
wakidhani wameipiga picha historia.
Mimi nafanya zamu ya usiku nyumba ya wazee,
ghorofa mbili, ngazi kumi na nne.
Hasa ngazi ndizo nilizoajiriwa kuzilinda.

Bwana Pelling wa chumba cha sita hajui leo ni siku gani,
ila anaujua mwaka elfu moja sitini na sita, saa tatu asubuhi.
Saa nane za usiku ananiita mezani.
Chumvi ni mfalme wa Waingereza. Pilipili ni yule Mnormandi.
Vidonge vya presha anavipanga bega kwa bega
juu ya taulo alilolikunja liwe kilima.
"Vita vipi viliigeuza dunia?" anauliza, mwalimu hata sasa,
na kabla sijafungua kinywa anajijibu: hivi.

Haukuwa mshale, anasema. Mshale waachie watoto.
Walikuwa juu, ngao kwa ngao,
farasi wanapanda, farasi wanarudi na povu.
Kisha wale wa chini wakakimbia, au wakajifanya kukimbia,
na vijana wa juu, wenye ng'ombe wa kukamua kesho,
wakaona ushindi unawatoroka,
wakaufukuza.
Anasukuma kidonge kimoja kimoja bondeni.
"Msishuke," anaviambia. "Msishuke, wanangu."
Vinashuka.

Tangu hapo, anasema, ng'ombe akiwa zizini
ana jina la Kiingereza;
akifika sahanini ana jina la Kifaransa.
Aliyeshindwa alichunga, aliyeshinda alikula,
na ulimi haujasahau.

Mimi mtu wa Tanga sikushangaa.
Meza hii ninayoifuta ni neno la Mreno.
Shule nilikochapwa ni neno la Mjerumani.
Nikamsimulia vya kwetu, mwaka wa kumi na nne:
meli za Waingereza, askari kutoka Bombei
waliotapika majuma baharini,
na nyuki, Bwana Pelling, nyuki
wasiouliza bendera ya mtu.
"Nani alishinda?"
Siku ile, Mjerumani. Kwa hiyo vita vikaendelea miaka minne,
na babu yake bibi yangu akatwikwa sanduku la risasi
ambalo mpaka leo hatujui alilitulia wapi.

Akanyamaza. Akavuta bakuli la sukari.
"Wapagazi niwaweke wapi?"
Nikamwambia, hawatoshi mezani.
Akaimwaga yote. Ikajaa, ikapita ukingo,
ikawa inadondoka sakafuni kwa sauti ndogo,
na sisi wawili tunaisikiliza.
"Hivi havimo kwenye orodha yangu," alisema hatimaye.
Nikaenda kuleta ufagio.

Jana kidogo afaulu.
Vidonge vilikaa kilimani, hakuna kilichoteleza.
Chumvi imesimama. Pilipili imelala chali.
Alikunja mikono akingoja dunia igeuke.
Lori la maziwa likapita. Bomba la joto likakohoa.
"Sasa tunasema lugha gani?" akaninong'oneza.
Nikasema, lala, Bwana Pelling. Nilisema kwa Kiswahili,
akaitika kana kwamba ndiyo aliyoitarajia.

Saa kumi nikamkuta kichwani mwa ngazi,
pajama imelegea, mguu mmoja hewani,
macho yanang'aa kama ya kijana wa miaka kumi na tisa.
"Wanakimbia," alisema. "Tutawapata."
Nilitaka kusema, usishuke.
Ulimi ukawaona wote waliokuwa nyuma yake,
ukasema: msishuke.

Akanipa mkono.
Kandambili moja ilikwisha tangulia, peke yake,
mpaka ngazi ya tisa.