Mfasiri wa Vivuli

Nianzie mwishoni, ndivyo picha hizi zipendavyo:
mtu ameshakufa, au yu njiani kufa,
na bado anasimulia, bila haraka,
kama mdaiwa aliyekwisha kufilisika.

Mimi sijafa. Nimekalia kreti ya soda
ndani ya kibanda cha video, Walukuba, Jinja,
kipaza sauti nimekifunga kwa mpira wa baiskeli.
Mchana nafasiri kwa Kisoga, au Kiganda;
usiku kwa Kiswahili, kwa ajili ya askari wa kambini
wanaolipa noti ya elfu na kudai chenji.

Kila Alhamisi naweka ile ya zamani, isiyo na rangi.
"Leo televisheni yako ina malaria!"
Lakini hawatoki.
Nawasomesha alama zake kama mwalimu wa udereva:
mkiona kofia imeinamia jicho, mwenyewe anajidanganya;
mkiona mvua, kuna mtu hatafika nyumbani;
kioo kikibeba nyuso mbili, moja itauzwa.
Na yule mwanamke anayeshuka ngazi,
mguu kwanza, kisha moshi, kisha jina,
yule, jamaa zangu, ni kaburi lililotiwa manukato.

Hapo hucheka. Hapo nami huongeza chumvi:
"Kama Kagoya wetu!"
Na kibanda kizima hupasuka.

Kagoya. Mumewe, Isabirye, karani wa ghala la nguo,
alitia sahihi mahali pasipo pake
na marobota arobaini yakayeyuka usiku mmoja.
Alipofungwa, mji uliuliza swali moja tu: nani alimtuma?
Mji ukajijibu wenyewe: mtazameni mkewe anavyovaa.

Sikujua kwamba huwa anakuja.
Kiti cha nyuma, karibu na mlango.
Alhamisi hiyo mvua ya ziwani ilitwanga mabati
hata nikafasiri kwa kupiga kelele, utani wangu na yote.
Picha ilipoisha, yeye alibaki.
Taa ya barabarani ilipenya mianya ya mbao
ikamchora mistari, mistari, usoni mpaka magotini,
vilevile, haki ya Mungu, kama kwenye picha.

Hakuwa na sigara. Alikuwa na karanga ndani ya gazeti.
"Yule mwanamume," alisema, "anaongea mwanzo hadi mwisho.
Mwanamke akibaki peke yake chumbani, anawaza nini?"
Nikasema: haionyeshwi.
"Na wewe mfasiri, huwezi kumuuliza?"
Akakung'uta maganda, akatoka mvuani.
Laiti angekuja na bastola.
Bastola ningejua namna ya kuifasiri.

Alhamisi iliyofuata, shujaa alipofungua mdomo
nilimnyamazisha. Nikamsemea mwanamke,
wala si kwa ile sauti yangu ya kuchekesha:

"Jina langu hamkuliuliza.
Nilishuka ngazi kwa sababu jiko liko chini.
Moshi ni wa kuni mbichi.
Karatasi aliitia sahihi saa nne asubuhi,
mimi nikiwa kliniki na mtoto mwenye homa,
namba yangu kwenye foleni sitini na mbili.
Hilo halimo kwenye picha.
Mnataka ahukumiwe nani ndipo mpate usingizi?"

Askari mmoja akapiga mluzi.
Mwingine akamwambia: wewe, hebu sikiliza.
Ikakaribia risasi, kidole kikiwa kwenye kifyatulio,
umeme ukakatika.
Jinja hii, inayolala ubavuni mwa bwawa
linalowashia wengine taa.
Likatushukia giza lisilo na mistari,
halina mwema, halina mbaya, lina jasho na kikohozi.

Walidai pesa zao. Niliwarudishia kwa kupapasa,
noti kwa noti, nikizitambua kwa uchakavu.
Kisha nikaenda nyuma, nikakigusa kile kiti.
Maganda ya karanga.
Ya usiku huu, au ya Alhamisi ile,
vidole vyangu havikuweza kunifasiria.