Ukirudisha, Sema kwa Nini

Nakodisha vitabu hapa Kadutu,
mlangoni pa duka la misumari la shemeji yangu,
franka mia tano kwa juma, na sharti moja:
ukirudisha, sema kwa nini.
"Kizuri" siandiki. "Kibaya" siandiki.
Kaye iko wazi, biki imefungwa kwa uzi,
nami nina muda.

Zihalirwa, fundi wa kuchomelea vyuma,
alikipenda kile cha jalada la kijani
kwa sababu mtu mmoja humo ndani anakula ugali polepole,
ukurasa mzima na nusu, bila kuitwa na yeyote.
"Kwetu," akasema, "tuko tisa kwenye sahani."
Nikaandika: ugali.

Juma lililofuata mwalimu Bisimwa
alikibwaga kitabu hichohicho mezani.
"Ghafla" mara thelathini na moja! Amezihesabu.
Kila moja kaizungushia wino mwekundu,
na sasa nikikifungua naona surua.

Nabintu muuza sambaza alichukia hadithi
ambayo mvua yake ni tamu.
"Aliyeandika hivi hajawahi kujenga mlimani."
Sisi mvua ikianza usiku hatusikilizi mabati,
tunasikiliza udongo.
Nikamrudishia franka zake.
Kitabu kinanuka samaki hadi leo,
na wapo wanaokipenda kwa hilo.

Ntakwinja, mlinzi wa lango kule Nguba, anataka virefu tu.
Kifupi humwacha saa tisa za usiku
peke yake na mbwa wa bosi.
Binti wa Namegabe hajali ndani kuna nini
ilimradi kiwe kinene na cheusi:
akikikumbatia njia ya bombani, wavulana humpisha
wakidhani ni Biblia.

Mimi? Sivipendi vitabu ambamo watu
wanazungumza kwa zamu.
Familia gani hiyo.

Halafu kuna kile kisicho na mwisho.
Kurasa kumi na mbili za nyuma ziliondoka zamani,
zilifungia karanga labda, ama sukari;
nilikinunua hivyo, kwa kilo, pamoja na magazeti.
Mwanamke ameuza cherehani, ana sanduku moja.
Usiku hodi inapigwa.
Anashika kitasa, anasema: "Kama ni wewe"
na hapo gundi, uzi, jalada.

Hakuna kinachotukanwa hivyo, wala kinachogombewa hivyo.
Zihalirwa anaapa ni mwenye nyumba, kafuata kodi.
Bisimwa anasema sentensi bila nukta ni wizi.
Nabintu anauliza cherehani ilikuwa ya aina gani,
maana bei aliyouza, mwanamke huyo kaibiwa.

Cibalonza amekiazima mara tisa.
Kijana wake alikwenda kuchimba dhahabu Kamituga,
simu haipiti tangu mavuno ya mahindi.
Mara ya tisa nikamuuliza, biki mkononi.
Akatazama barabara, pikipiki mbili zikapita.
"Andika: bado hajafungua."

Mwezi jana dereva mmoja alinitolea Uvira
kitabu hichohicho, kizima.
Nilikisoma kwa mshumaa, umeme ulikuwa umekatika,
nta ikadondoka ukurasa wa mwisho
kama vile mtu aliyetaka kuufunga.
Mlango unafunguliwa. Ninamjua aliyebisha.
Ninalijua hata koti lake.

Nimekifunga kwa mfuko wa plastiki,
kiko chini ya ndoo ya misumari ya inchi nne.
Mbele ya jina langu kwenye kaye
bado sijaandika sababu.

Alhamisi Cibalonza alikuja, miguu imejaa tope,
akaweka noti yake, akanyosha mkono.
Nikampa kile cha zamani.
Alikipapasa kwanza kwa nyuma,
pale kilipochanika,
akakiingiza ndani ya kitenge,
na nilipokumbuka kumrudishia chenji
alikuwa ameshapanda nusu ya mlima.